Picha Isiyo na Mwenziwe

Mwanamke nisiyemjua aliingia dukani kwa Nafula Alhamisi asubuhi, akaipita foleni ya watu waliosubiri picha za pasipoti, akaja moja kwa moja hadi mlango wa stoo ya nyuma na kuugonga kwa pete yake.

"Hodi! Ndipo hapa panapopigwa picha isiyo na mwenziwe?"

Sikuweza kumfungulia. Nilikuwa nimeshika bamba la fedha kwa ncha za vidole, taa imezimwa, na kisanduku cha iodini kiko wazi mbele yangu. Mwanga ukiingia wakati ule, kazi ya siku mbili ingekwenda bure.

"Shikamoo," niliitikia kutoka gizani. "Nivumilie dakika tano, bibi."

"Marahaba. Dakika tano za vijana nazijua."

Nikamsikia akiomba kiti chenye mgongo. Nafula ni mtu wa Bungoma, hana mazoea ya kuamrishwa ndani ya duka lake, lakini nilipotoka nilimkuta amesimama na mgeni amekalia kiti chake.

Aliitwa Bi Sheikha. Alikuwa na miaka sabini na moja, buibui lililopigwa pasi vizuri, na harufu ya udi iliyoishinda harufu ya wino wa mashine zote za pale. Alikuwa ametoka Kisauni mpaka huku Magongo kwa maneno ya Anwar, sonara wake, ambaye ndiye pia aliyekuwa akinipakia fedha kwenye vipande vyangu vya shaba.

"Anwar aniambia kuna msichana wa Kigiriama, ana digrii, hana kazi, yuwashinda akisugua shaba na kuifukiza. Nikamwambia, huyo si mganga huyo? Akasema la, apiga picha."

Nafula alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Bibi, hata mimi nilidhani ni uchawi. Huyu ni daktari wa shaba."

"Jina langu Kahaso," nikasema. "Karibu ndani."

Anwar hakuwa amekosea. Nilimaliza shahada ya kemia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa majirani hesabu na nikiandika barua za kuomba kazi. Kisha nikasoma tangazo la karakana moja ya Uholanzi inayohifadhi picha za kale. Walitaka wanafunzi wanane wa kukaa nao miezi tisa na kujifunza kazi hiyo, gharama zote juu yao. Kila mwombaji alitakiwa atume picha ya uso wa mtu, aliyoitengeneza kwa mikono yake kwa njia mojawapo ya karne ya kumi na tisa. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumatano iliyokuwa ikija, saa kumi na moja jioni. Nilichagua dagereotaipu, njia ya yule Mfaransa Daguerre, kwa sababu ni kemia tupu, na kwa sababu nilipoiona mara ya kwanza katika kitabu cha maktaba nilikaa nayo mpaka mlinzi akaja na funguo.

Nafula alinipa stoo yake nifanyie kazi. Pamoja na bamba la asubuhi ile, nilikuwa nimeharibu saba. Yalibaki mawili.

Nilimwonyesha Bi Sheikha moja lililofaulu nusu, la birika la chai la Nafula. Akaliinamia, akaiona dari. Akaligeuza kidogo, akajiona mwenyewe. Akaligeuza tena, na birika likatokeza kutoka ndani ya fedha, na mdomo wake, na kifuniko chake kilichobonyea.

"Subhanallah," alisema polepole. "Laonekana na halionekani."

Nikamweleza. Mwaka 1839 ilitangazwa huko Paris kwamba imepatikana njia ya kuufanya mwanga ubaki pale ulipoangukia. Hapakuwa na filamu wala karatasi. Shaba iliyopakwa fedha husuguliwa mpaka iwe kioo, hufukizwa kwa iodini ili ipate kuuhisi mwanga, kisha huwekwa ndani ya kamera. Zamani picha ilitolewa kwa mvuke wa zebaki, ambao ni sumu. Mimi hutumia jua na kioo chekundu. Nikamsimulia na picha ya barabara moja ya Paris iliyopigwa kutoka dirishani siku hizo za mwanzo. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini picha ilichukua dakika nyingi, na kila aliyekuwa akienda zake hakushika kwenye bamba. Barabara ilitoka tupu. Alionekana mtu mmoja tu, aliyesimama akipigwa viatu rangi.

"Na mpiga rangi yuwapi?"

"Yupo, lakini kama kivuli. Mikono yake haikutulia."

"Siku zote huwa hivyo," akasema Bi Sheikha. "Aliyesimama aonekana, mfanya kazi haonekani." Kisha akalirudia birika. "Sasa nambia. Nakala yake iko wapi?"

"Haina nakala. Hili bamba ndilo picha yenyewe."

"Likipotea?"

"Limepotea."

"Na mtu akilipangusa?"

"Picha yafutika yote. Hata kwa kidole."

Alilirudisha mikononi mwangu kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha mtoto mchanga. "Ndiyo niitakayo hiyo."

Alinieleza mambo yake bila ya kupindapinda. Mjukuu wake, Shaza, aliyemlea mwenyewe, alikuwa akiolewa. Kupamba kungefanyika Ijumaa ya wiki iliyofuata, na Jumapili yake angesafiri na mumewe kwenda Muscat kuishi. Bi Sheikha alitaka ampe uso wake aende nao.

"Mamangu nilimzika nikiwa na miaka tisa," alisema. "Uso wake umenitoka. Nikijitahidi sana naukumbuka mkono, na bangili, basi. Sitaki Shaza anitafute hivyo. Na mimi picha sina, mwanangu. Nina ile ya kipande, ya kitambulisho, nimekunja uso kama mwizi wa kuku. Shaza anikumbuke kwa ile?"

"Kwa nini hukupigwa nyingine, bibi? Simu ziko kila mahali."

"Ndiyo maana."

Miaka minne nyuma, binti wa ndugu yake alipigwa picha siku ya kupambwa. Kupamba ni siku ya wanawake peke yao; mabuibui huvuliwa, nywele hufunguliwa, dhahabu huvaliwa. Mgeni mmoja alikuwa ameficha simu ndani ya mkoba. Kulipokucha picha ilikuwa imeshafika kwa wanaume ambao hawakumjua hata babake. Binti yule hakwenda tena harusini kwa mtu. Tangu siku hiyo, katika nyumba yao, anayekuja kupamba huacha simu mlangoni.

"Nataka anione vile anavyonijua ndani ya nyumba," alisema Bi Sheikha. "Kichwa wazi, na asumini yangu. Lakini niahidi. Isipigwe kwa simu. Isiwe na mwenziwe popote. Na mwanamume asiione."

Nilikuwa na mabamba mawili. Moja lake, nikafikiri, na la pili nimpige Nafula kwa ajili ya maombi yangu. Ahadi haikunigharimu kitu.

"Nakuahidi, bibi."

Alipoinuka kuondoka aliliona bamba nililoliharibu asubuhi ile. "Hili mbona lina madoa?"

"Mvuke haukushika sawasawa."

"Ulilifukiza saa hizi? Chini ya bati hili?" Akatazama juu, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Mwanangu, mimi nafukiza nguo tangu sijabaleghe. Udi ukipata joto hupanda mbio, hushika pindo, na katikati nguo haina kitu. Nguo hufukizwa alfajiri, chumba cha ndani, dirisha limefungwa. Na huigeuza robo, ukangoja, ukaigeuza robo. Mvuke haupendi pupa."

Chuoni tulikuwa na somo zima la mvuke na joto. Sikuwahi kufikiri kwamba lilihusu bati la Magongo.

Jumamosi nilifika kwake Kisauni kabla jua halijachomoza, nimebeba kamera ya mbao mgongoni na kisanduku cha iodini kifuani. Nyumba ilikuwa ya kuta nene, na ua wa ndani uliopakwa chokaa. Shaza alinifungulia, macho yamejaa usingizi, akasema, "Wewe ndiye uliyemfanya bibi aamke saa nane usiku kuchagua leso?"

Tulifukiza bamba katika chumba cha ndani ambako Bi Sheikha huweka chetezo chake cha udi. Nililitazama kwa mwanga hafifu wa mshumaa. Likawa manjano kama samli, nikaligeuza robo. Nikangoja. Nikaligeuza robo tena. Rangi ya waridi ikaingia kutoka pembe zote kwa pamoja na kukutana katikati bila ya doa hata moja. Ningalikuwa peke yangu ningalilia.

Jua lilipopanda na kuzijaza kuta nyeupe, Bi Sheikha alikaa uani. Alikuwa ameuvua mtandio. Nywele zake zilikuwa nyeupe, zimesukwa mikia miwili, na kikuba cha asumini kimebanwa juu ya sikio. Shaza alisimama mlangoni akilinda, ingawa nyumbani hapakuwa na mwanamume.

"Dakika mbili," nikamwambia. "Usitikisike. Kupepesa macho haidhuru."

"Dakika mbili nitazijuaje?"

"Nitahesabu."

"Hesabu zako hazinitulizi. Nitasoma Alhamdu mara nne. Pole pole ni dakika mbili kamili."

Nikaondoa kifuniko cha lenzi. Alikaa kama aliyechongwa. Nikahesabu mia moja na ishirini, nikarudisha kifuniko, na wakati huo huo yeye akapumua na kusema "Amin." Nilifurahi mno.

Bamba lilikaa juani chini ya kioo chekundu saa tatu, palepale uani. Shaza alileta mahamri na mbaazi. Polepole uso ukaja, paji, macho, kikuba, hata nyuzi za leso. Lakini pale palipopaswa kuwa mdomo palikuwa na ukungu.

Tukaliinamia kwa zamu, sote watatu. Shaza ndiye aliyefahamu kwanza. "Bibi! Ulikuwa ukisoma kwa midomo!"

"Nani? Mimi nilisoma kimoyomoyo."

"Wallahi bibi, wewe hujawahi kusoma kimoyomoyo. Hata mtaa wa pili wakusikia."

Bi Sheikha alijaribu kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka kikuba kikaanguka. Miaka sitini na zaidi midomo yake ilikuwa imeizoea sura ile, na haikuhitaji ruhusa yake. Kisha akaacha kucheka, akalitazama bamba tena. "Atanikumbuka sina mdomo," alisema.

Nilitoka nje ya mlango nikampigia Anwar. Fedha anayoipaka yeye ni nyembamba; bamba lililokwisha tumika ukilisugua mara ya pili shaba hutokeza. Nilihitaji bamba jipya, hata moja.

"Kahaso mwanangu," Anwar alisema, na nyuma yake nikasikia nyundo, "mwezi huu ni wa Shaabani. Harusi juu ya harusi. Nina mikufu kumi na saba mezani na mama za maharusi kumi na saba mlangoni, wote wanipigia kelele. Bamba lako baada ya Idi, inshallah."

"Nalihitaji kabla ya Jumatano."

"Jumatano hata mimi nataka niwe nimelala. Baada ya Idi."

Kwa hiyo lilibaki moja. Nilisimama pale kizingitini nikijua vizuri linalotakiwa kutoka kwangu, na nikijua pia kwamba Bi Sheikha hakujua kitu. Ningeweza kumwambia mabamba yamekwisha. Asingenilaumu. Angelipeleka kwa mjukuu wake lile la ukungu, au asipeleke kabisa.

Niliporudi uani alikuwa bado amelishika.

"Jumatatu nitakuja tena," nikasema. "Hili tulifute."

"Lafutwaje?"

"Kwa kidole."

Alipeleka kidole gumba mwenyewe, akakipitisha mara moja, na uso ukafutika kama mvuke juu ya kioo. Akakitazama kidole. Hakikuwa na kitu.

Jumatatu alikuwa na tasbihi ndani ya kiganja, chini ya leso. Lilikuwa wazo lake. Alhamdu ataisoma moyoni, na vidole vihesabu badala ya midomo, huko chini ambako kamera haioni. Shaza alisimama nyuma yangu akijibana kinywa ili asimchekeshe. Nilipoondoa kifuniko sikupumua. Sauti pekee ilikuwa ya shanga, moja moja, na mbali barabarani pikipiki.

Mchana ule uso wake ulitoka wote. Sijui niuelezeje. Kila mkunjo ulikuwepo, na hakuna uliomzeesha. Mdomo ulikuwa umefungwa, lakini kwa namna ya mtu ambaye amesikia jambo la kuchekesha na anangoja wageni waondoke ndipo acheke. Shaza aliutazama, akaingia ndani, na akakaa huko muda.

Jumanne, stooni, nililipasha bamba moto kwa maji ya dhahabu ili picha ishike vizuri, nikalifunika kwa kioo na kulifunga kingo kwa utepe ili hewa isiingie. Utepe ulikwisha kabla ya upande wa mwisho. Nikaliacha mezani, nikavuka barabara kununua mwingine. Sikukaa dakika kumi.

Jumatano saa nane mchana fomu ya maombi ilikuwa imejaa kwenye kompyuta ya Nafula. Jina, shahada, barua ya mwalimu, maelezo ya kazi. Kilikuwa kimebaki kisanduku kimoja, cha picha ya uso.

"Sasa weka," alisema Nafula.

"Sina cha kuweka. Bamba la pili nililitumia kwa bibi."

"Nayo ndiyo uso wa mtu, ama ni kichwa cha samaki?"

"Niliahidi, Nafula."

Alinikaribia, akashusha sauti, uso umejaa furaha ya mtu aliyeficha zawadi. "Wewe uliahidi. Mimi sikuahidi mtu." Akanipa simu yake.

Bi Sheikha alikuwa ndani yake. Nafula alikuwa amelipiga picha lile bamba jana, nilipokwenda kununua utepe. Na kwa kuwa Nafula ni mpiga picha mzuri kuliko watu wanavyojua, alikuwa ameliinamisha bamba kwa pembe ile ile hasa, kitambaa cheusi kimewekwa mbele kuzuia mng'ao. Sikuwahi kuona picha ya bamba iliyo nzuri kuliko ile, hata vitabuni.

"Manze, hao watu wa Uholanzi wakiona hii wanakutumia tiketi leo leo," alisema. "Hawamjui huyo bibi. Hawatawahi kumjua. Tuma, halafu tunafuta. Nani ataambiwa?"

Niseme kweli: niliirudia fomu. Niliweka mshale juu ya kile kisanduku. Nilimwona mamangu kule Kaloleni akiwaambia majirani, na nikaona vyumba vyenye madirisha makubwa ambako watu hushinda wakiokoa nyuso za waliokufa zamani, na mimi nikiwa mmoja wao. Nilitaka sana. Sidhani nimewahi kutaka kitu kama nilivyotaka siku ile.

Kisha jambo moja likanijia akilini, nikageuka. "Nafula. Picha za simu yako si huingia zenyewe kwenye kompyuta?"

"Ndiyo, ili nizichape."

"Na zile za kwenye skrini ya mbele si hutoka humo humo?"

Tuliangaliana. Juu ya kaunta, ikitazama barabara, kuna skrini kubwa inayoonyesha kazi za duka moja baada ya nyingine: maharusi, mahafali, watoto wa ubatizo. Picha sitini na kitu hupita humo mara moja tu kwa kutwa, na mpya huingia kwenye orodha kila asubuhi. Dukani walikuwa wamekaa wanaume watatu wakingoja picha za pasipoti.

Sikumbuki nilivyofika kule mbele. Nakumbuka nilivua leso yangu kiunoni na kuitupa juu ya skrini, na mmoja wa wale wanaume akasema, "Kwani yaona baridi?"

"Imeharibika," nikamjibu.

"Si ilikuwa yaonyesha mtoto sasa hivi."

"Imeharibika sasa hivi."

Nafula alichomoa waya. Alikuwa ameacha kutabasamu. Tulitafuta pamoja, yeye akionyesha, mimi nikibonyeza. Picha ya Bi Sheikha ilikuwa ya arobaini na tatu. Skrini ilikuwa imefika ya thelathini na nane. Tukaifuta pale. Tukaifuta kwenye kompyuta, na kwenye pipa la taka la kompyuta. Ikabaki simu tu.

"Hii moja," alisema Nafula kwa sauti ya chini. Hakuwa akishindana nami tena, alikuwa akiniombea. "Kahaso, ni miaka miwili. Mimi ndiye ninayekuona ukirudi kila siku na zile barua."

"Najua."

"Nilitaka ufaulu."

"Najua, Nafula. Wangu, najua."

Niliifuta mwenyewe. Simu ikauliza kama nina hakika, kama zinavyouliza simu, nikabonyeza ndiyo, kisha nikaenda mahali inapoweka vilivyofutwa nikabonyeza tena. Nikajaribu kupeleka fomu na kisanduku kitupu. Haikukubali. Nikajaribu na picha ya birika. Ikapokea, lakini chini yake palikuwa pameandikwa wazi kwamba ombi lisilo na uso wa mtu halitasomwa. Mwakani mlango utafunguliwa tena, palisema hapo. Nikalifunga bamba kwa pamba na kitambaa cha bafta, nikatoka.

Bi Sheikha alilipokea saa kumi na nusu, amesimama dirishani. Aliligeuza kwanza akaona dari, kisha akajiona mwenyewe akitazama, kisha akatulia.

"Huyu namjua," alisema. "Yule wa kwenye kipande sikumjua hata siku moja."

Nikamwambia sababu. Dagereotaipu humgeuza mtu kushoto kulia, kama kioo. Picha nyingine humwonyesha mtu kama wanavyomwona wenziwe. Hii humwonyesha kama anavyojiona mwenyewe.

"Na haina mwenziwe?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema hapana, na ingekuwa kweli. Lakini nikamwambia yote mengine: kwamba rafiki yangu, mwanamke, aliipiga nisipokuwepo, kwamba aliiona yeye na mimi, kwamba ilikaa siku moja ndani ya simu na kompyuta, na kwamba imefutwa kote na hakuna mwanamume aliyeiona.

Alilishusha bamba.

"Huyo rafiki yako ndiye aliyenipa kiti?"

"Ndiye."

"Mwambie nimekasirika. Mwambie na kiti kilikuwa kizuri." Akalirudia bamba, na nikaona midomo ikimcheza. "Na ndani ya simu, nilitokaje?"

"Ulitoka vizuri sana, bibi."

"Ehee." Akaitengeneza leso yake, ameridhika. "Dada zangu wawili n'shawaambia. Wataka na wao, baada ya Idi. Mwambie Anwar, na akikwambia ana mikufu, mwambie mimi ndiye niliyesema."

Akamwita Shaza. Shaza aliitikia "Abee, bibi," akaja na mikono iliyopakwa hina, ameinua vidole visiguse kitu, na bibi yake akamshikia bamba mbele ya uso wake. Picha hii haitazamwi na wawili kwa wakati mmoja. Ilibidi Bi Sheikha akubali kutoona ili mjukuu wake aone.

"Mbona watazama saa kila mara, mwanangu?" aliniuliza akiwa bado amelishika. "Kuna mtu wamngoja?"

"Hapana, bibi. Kulikuwa na jambo la saa kumi na moja."

"Wakimbilia? Shaza akupe hata chai ya mbio."

"Limeshapita. Nitakunywa chai."

Shaza alisema, "Bibi, inamisha kidogo, sikuoni," na Bi Sheikha akainamisha. Mimi nikasogea kando ya dirisha, nisiwazibie mwanga.